Doti za Mheshimiwa Kiboko

Hapo zamani, wanangu, zamani zile ambazo hata bibi wa mabibi alizikuta zimeshapita, wanyama walikuwa na nyumba kama zetu, wakipika, wakifua, wakigombana kwa ajili ya kamba ya kuanikia, na wakipiga kura. Na pale mto unapoingia baharini, kwenye matope ya mikoko, aliishi kaa mmoja mdogo kama kifungo cha koti, jina lake Mize. Mize alikuwa fundi wa nguo asiye na cherehani wala mkasi, maana magando yake mawili yalikata na kushona kuliko chuma chochote cha dukani.

Basi mwaka huo Mize ndiyo kwanza anakuwa mama. Mayai yake ameyabeba chini ya tumbo, kama ilivyo kawaida ya kaa, maelfu kwa maelfu, madogo kuliko punje za ulezi, kila akitembea anayapapasa, kila akikaa anayapapasa tena. Na alikuwa na hofu, jamani, hofu ya mama wa mara ya kwanza: upepo ukivuma anaogopa, upepo ukitulia anauliza umetulia kwa nini.

Lakini hofu kubwa ilikuwa moja. Watoto wa kaa hawalelewi shimoni. Maji ya bamvua yakijaa, yakapanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko, mama huwaachia, nao huchukuliwa mpaka bahari kuu, wanaelea huko wiki kadhaa wakikua, ndipo hurudi nyumbani. Na siku hizo ilikuwa inasemwa kwamba chini ya bahari kuu kuna mafuta na gesi, na kwamba wapo wakubwa wanaotaka kutoboa. Sasa Mize mashimo anayajua, yeye mwenyewe mchimbaji, ukoo mzima wachimbaji. Shimo la kaa likiharibika unaliziba kwa donge la tope, umemaliza. Hilo la chini ya bahari likiharibika, ataliziba nani, na kwa donge gani?

Wagombea wa Ukubwa wa Ghuba walikuwa wawili. Mmoja Bi Nguva, mama mnene mpole, ambaye akianza kuhutubia watu husinzia. Wa pili Mheshimiwa Kiboko, ambaye hajawa mheshimiwa bado, ila alikuwa ameomba aitwe hivyo mapema ili watu wazoee.

Kiboko akaja ufukweni kunadi sera. Akakaa kwenye jamvi, jamvi likasema tyaa, likapasuka. Akanywa madafu kumi na mawili. Kasa walikuwepo, pweza walikuwepo, chewa wametoa vichwa majini, na mume wa Mize alikuwepo, yule mwenye gando moja kubwa kuliko mwili, kama kaa dume wote wa matopeni. Kazi yake huyo ilikuwa kupungia. Apite kiboko, apite kunguru, yeye anapunga tu.

Mize akanyanyua gando lake dogo, na maneno yakamtoka kwa mkupuo mmoja kabla hajaishiwa na ujasiri.

"Mheshimiwa samahani, swali langu ni dogo, hiyo bahari itachimbwa au haitachimbwa, maana bamvua ni wiki ijayo, na watoto wangu wanakwenda huko huko, na hawajui kuogelea, wanaelea tu."

Kiboko akalegeza macho, akaweka mguu kifuani.

"Mama," akasema, "bahari ni mama. Na mama hachimbwi. Nikipita mimi, hata kijiti hakitachomekwa."

Vigelegele vikapanda mpaka ndege wakaruka. Mtu akauliza habari ya bei ya gesi, maana gesi ilikuwa imepanda mno na kila nyumba inalia. Kiboko akasema itashuka yenyewe. Akaulizwa itashukaje yenyewe. Akaomba dafu la kumi na tatu.

Mize akalala usingizi mnono, wa kwanza tangu apate mayai.

Siku tatu baadaye anapika uji, moto ukafanya pwe, pwe, pff, ukazimika. Gesi imekata. Kuni za mkoko mbichi zinatoa moshi wa kumliza hata aliyekufa, kwa hiyo akabeba mtungi wake, mdogo kama ganda la konokono, akapanda Mlimani, kijiji cha juu ya ghuba, kwa Kima muuza gesi. Kufika, bei imepanda tena. Mize akalalamika, na Kima, ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamikiwa, akamwambia asimkaripie yeye, yeye anauza tu.

"Vumilia, dada," akasema. "Kiboko akishinda, kesho yake anachimba bahari. Gesi nusu bei. Ameapa hapa hapa dukani, mguu juu ya mtungi huu."

Niwaambie ukweli, wanangu, neno la kwanza kuingia moyoni mwa Mize lilikuwa nusu bei. Akaona uji unachemka kila asubuhi bila moshi, akaona chai ya pili ya saa nne. Halafu akayapapasa mayai. Akamuuliza Kima ni kiboko yupi. Akajibiwa ni yule mgombea. Akauliza ana hakika, si mwingine anayefanana naye? Kima akamtazama kwa huruma, akamwuliza kwani ghuba hii ina viboko wangapi wanaotafuta kura.

Mize akateremka mbio, upande upande, mtungi unagonga mawe, kong, kong. Akamwambia Shangazi Kasa. Shangazi akamwambia akapumzike, mayai ya kwanza humsumbua mtu kichwa, yeye mwenyewe amemsikia Kiboko kwa masikio yake akisema mama hachimbwi. Kesho yake Mize akapanda tena Mlimani, akamwambia Mama Swala. Mama Swala akacheka, akasema watu wa pwani kwa maneno hawajambo, yeye mwenyewe amemsikia Kiboko kwa masikio yake akisema atachimba. Akamwambia mumewe. Mumewe akasema Kiboko alimpungia, na mtu aliyekupungia hawezi kukudanganya.

Kila upande uliamini masikio yake. Na masikio ya kila upande yalikuwa yamesikia sawasawa.

Siku hiyo hiyo akaja Ngiri, mpiga debe wa Kiboko, anavuta mkokoteni, chororo chororo, jasho linamtiririka. Juu yake marobota mawili ya kanga. Mnajua kanga zinavyotoka kiwandani, mbili zimeungana, za namna moja, ndiyo doti. Fundi anazikata katikati, anapinda ncha, anazikunja pamoja, moja ya kiunoni, moja ya mabegani. Ngiri akaeleza kwamba keshokutwa ni kufunga kampeni. Asubuhi mkutano Mlimani, alasiri mkutano ufukweni. Robota la kamba nyekundu ni la Mlimani, la kamba ya buluu ni la ufukweni. Kanga zitagawiwa uwanjani, akina mama wazivae pale pale kwa pamoja, wapendeze.

"Na usichanganye," akasema. "Ukichanganya, fundi..."

Hakumaliza. Palikuwa na ganda la kome hapo chini, akaliwekea kwato. Kacha.

Alipoondoka, Mize akafungua robota la kwanza. Kanga nzuri, mji wa kijani, pindo jeusi, na katikati picha ya Kiboko anatabasamu. Chini yake maandishi: TUCHIMBE BAHARI GESI IWE NAFUU. Akafungua la pili. Kijani kile kile, pindo lile lile, Kiboko yule yule, tabasamu lile lile jino kwa jino. Chini yake: BAHARI NI MAMA, MAMA HACHIMBWI.

Kumbe Kiboko alikuwa ametafuta fundi wa matopeni makusudi, akiamini kwamba kaa wa matopeni hajui kusoma. Ngiri ndiye asiyejua, yeye alikuwa anafuata rangi za kamba. Mize alikuwa amefika kidato cha nne, na imla hakuna aliyemshinda.

Akakaa chini. Akayatazama magando yake, akalitazama lile ganda la kome lililopondeka, akayapapasa mayai. Akajiambia apinde tu anyamaze, nani atamlaumu, fundi ni fundi. Halafu akajiambia, nikinyamaza akipita, atachimba au hatachimba? Hakujua. Na hilo la kutojua ndilo lililomtisha kuliko kwato. Maneno yake yeye hakuna aliyeyaamini, huku wala kule. Lakini kanga ni kanga, wanangu. Kanga ikisema, hata aliye mbali anasikia.

Akaanza. Kwacha, akakata doti ya Mlimani. Kwacha, akakata doti ya ufukweni. Akatwaa kipande cha hii, kipande cha ile, akavipinda ncha, akavikunja pamoja, maandishi ndani, kijani nje. Kwacha kwacha, mpaka usiku, na siku ya pili yake mpaka jua linaelekea kuzama. Jirani akipita anaona kijani tu. Mwisho akafunga marobota vile vile, nyekundu huku, buluu huku, kama yalivyokuja.

Asubuhi ya mikutano Ngiri akampakia mkokotenini juu ya marobota, akasema fundi aje, kwa sababu uzi ukifumuka hadharani ni aibu. Mize akajibanza kwenye mkunjo wa kamba.

Mlimani kumejaa. Ngoma zinalia ndu, ndu, ndu. Kiboko akapanda jukwaani, mbao zikalia, akasifu mlima, akasifu majiko, akasifu hata moshi wa jana kwa kuwa utakuwa wa mwisho. Kisha akawaambia akina mama wavae zawadi zao.

Prrr, kanga zikakunjuliwa. Ya kwanza kiunoni, ya pili mabegani. Mama Swala akasoma kiuno chake. Akasoma mabega ya jirani yake. Akageuka akasoma wa nyuma yake. Na Kiboko, kutoka kule juu, anaona viuno mia mbili vinasema tuchimbe, na mabega mia mbili yanasema mama hachimbwi, na yeye mwenyewe mara mia nne, anatabasamu.

"Mheshimiwa," akasema Mama Swala, "tumevaa. Sasa tukuamini kiunoni au mabegani?"

Kiboko akasema kiwanda kimekosea. Akawaomba wavue ile ya mabegani, wabaki na ya kiunoni, mambo yaendelee.

"Kanga moja ni ya nyumbani, Mheshimiwa," akajibu Mama Swala. "Mkutanoni tunavaa doti."

Watu wakaanza kucheka, na Kima akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye tawi, puu. Kiboko akashuka jukwaani bila kuaga, akajitupa mkokotenini, Ngiri akavuta. Na Mize yumo humo, chini ya robota la pili, ubavu kwa ubavu na mguu wa Kiboko.

Njia nzima akamsikia. Kiboko anasema Mlimani basi, si hasara, ufukweni ndiko kwenye wengi. Ngiri anaapa kwamba robota la buluu halijaguswa, hili hapa, kamba yake hii hapa. Kiboko anasema vizuri, wa ufukweni watampigia kura, na baadaye akishika ukubwa ataangalia upepo unavumia wapi. Na huyo fundi, akasema, akimpata atamkanyaga mpaka ashindwe kujulikana alikuwa kaa au kifungo. Mize akayakumbatia mayai yake. Angeweza kuruka. Lakini mkokoteni unateremka kasi, na akiruka ataangukia tumbo.

Hakuna aliyetazama nyuma. Laiti wangetazama. Wa Mlimani wote walikuwa wanashuka nyuma yao, na doti zao, kwa utulivu kabisa, kwenda kusikia wa ufukweni wataambiwa nini.

Ufukweni madafu yameshakatwa. Kiboko hakutaka hata hotuba, anataka vigelegele tu amalize. Akaona kamba ya buluu, akatabasamu, akasema, akina mama, vaeni. Prrr. Kasa wakavaa, nguva wakavaa, Pweza akatumia mikono minane na bado akachelewa kwa sababu alitaka kujitazama kila upande. Na wakati huo huo, juu ya ukingo, wa Mlimani wakatokea na kusimama.

Pande mbili zikatazamana. Kanga zile zile. Shangazi Kasa, ambaye macho yake ni ya kizee, akasoma kwa sauti herufi kwa herufi, kwanza ya chini, halafu ya juu, na alipomaliza akamtafuta Mize kwa macho.

"Fundi yuko wapi?" Kiboko akanguruma, na madafu yakatikisika. "Ni fundi huyu. Fundi ameniharibia kazi. Nileteeni fundi."

Mize alikuwa chini ya gurudumu. Shimo lake lilikuwa hatua nne tu, linamwita. Akaingie, ajizibe kwa tope, nani atamwona? Lakini akaona vilevile kwamba akiingia yeye, neno la Kiboko litasimama: fundi alikosea. Na kila upande utarudi nyumbani na masikio yake, wakisadiki kile walichosadiki jana. Na bamvua ni keshokutwa.

Akapanda juu ya mpini wa mkokoteni.

"Mimi hapa, Mheshimiwa. Mimi nimekata, mimi nimepinda, mimi nimekunja. Sikuandika. Maneno yote ni yako, hata nukta sijaongeza. Nimeyaweka kwenye mwili mmoja tu, kwa sababu yametoka kwenye kinywa kimoja."

Kiboko akainua mguu. Mguu ule, wanangu, ni kama kinu. Ukapanda juu, kivuli chake kikamfunika Mize na mkokoteni na dafu la jirani. Mume wa Mize, siku hiyo akaacha kupunga, akakimbia akasimama mbele ya mkewe na lile gando lake kubwa, kwa mara ya kwanza limeona kazi. Shangazi Kasa akasogea akasimama pembeni yake. Mama Swala akashuka ukingo akasimama. Kima, mchubuko kichwani, akasimama.

Mguu ukabaki hewani. Kupiga kura ni kesho, na mgombea hawezi kuwakanyaga wapiga kura mbele ya wapiga kura.

"Ushushe taratibu," akasema Shangazi Kasa. "Halafu jibu. Unachimba au huchimbi?"

Kiboko akaushusha mguu. Akatazama ukingoni, kuna Mlimani. Akatazama ufukweni, kuna bahari. Akafungua kinywa, akakipanua, kipana, kipana, mpaka magego ya mwisho yakaonekana, na watu wote wakanyamaza wasikie. Haikutoka hata pumzi. Nzi akaingia, akazunguka, akatoka. Kiboko akafunga kinywa, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, akaingia mtoni. Tubwi.

Basi Bi Nguva, aliyekuwepo kati ya nguva wenzake, akaombwa aseme yeye. Akasema, polepole kama kawaida yake, kwamba yeye hajui yaliyoko chini ya bahari, kwamba kabla mtu hajatoboa atawauliza wanaoishi huko shimo likiharibika litazibwa vipi, na kwamba bei ya gesi haitashuka kesho, asije mtu akamdanganya. Nusu ya watu walisinzia. Lakini lilikuwa jibu moja, Mlimani wamelisikia na ufukweni wamelisikia kwa pamoja, na kesho yake wakampa kura. Gesi ilibaki ghali kwa miezi, watu wakanung'unika, na yeye akaja akanung'unika nao.

Na bamvua lilipojaa, Mize akaenda kwenye mizizi ya mikoko akawaachia wanawe, hofu anayo bado, maana mama ni mama, lakini akawaachia.

Kiboko ndiyo mnamwona mpaka leo. Mchana kutwa yumo majini, pua tu zimechungulia nje, ukimsogelea anazama, anaogopa usije ukamuuliza. Mara moja moja anaibuka, anapanua kinywa kipana kama mtu anayetaka kujibu, anafikiri, halafu anakifunga.

Mwenye majibu mawili kwa swali moja hana jibu.